Uzio Uliokula Ngitili

Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Tangu anioe sijamsikia akisifu ugali wangu. Akishiba anaisukuma sahani mbele kidogo, na mimi najua hapo nimesifiwa. Kwa hiyo siku aliyorudi kutoka Kahama na miche ya maua imefungwa nyuma ya baiskeli, kwenye gunia lililoloweshwa maji, nilidhani kabeba mzigo wa mtu.

"Nini hiki?" nikamuuliza.

"Maua."

"Ya kazi gani?"

Akaegesha baiskeli ukutani, akaenda kutafuta jembe.

Hapa kwetu Samuye wakati ule maua yalikuwa ya kanisani na ya makaburini. Mtu akipanda kitu, anapanda kitakachoingia chunguni: viazi, mtama, choroko. Sasa mzee mzima, mwenye ng'ombe na wajukuu, kainama mlangoni kwake anapanda maua mchana kweupe! Majirani walipita polepole makusudi ili waone vizuri. Nikasimama nimeshika kiuno nikawaambia, "Piteni, piteni, hajarukwa na akili. Ni joto la Kahama hilo, litamtoka."

Halikumtoka. Maua yakashika, na nisiwe mwongo, yalikuwa mazuri. Kichwa kimoja cha ua kina rangi tatu: njano katikati, kisha rangi ya chungwa, kisha waridi pembeni, kama khanga ya sikukuu iliyokunjwa ndogondogo. Jani lake ukilisugua mkononi linanuka, limao na mafuta ya taa kwa pamoja. Mjukuu wangu wa kike, ambaye wakati huo alikuwa shule ya msingi, alilichuma ua achomeke kwenye nywele, na nywele zenyewe kipara cha shule. Linaanguka, anaokota. Mwisho akalitia nyuma ya sikio akapita akijitikisa mbele ya babu yake. "Mume wangu, nimependeza?" Babu yake akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake kwa utani, kwa hiyo mimi na yeye ni wake wenza, na mke mwenzangu huyo alikuwa na mdomo tangu meno ya utoto.

Jina la ule mmea hatukulijua. Tukayaita maua ya Mzee, na kijiji kizima kikaita hivyo.

Sasa nieleze ngitili, maana bila ngitili haya yote ni porojo tu. Ngitili ni kipande cha ardhi tunachokifunga mvua zikianza. Haingii ng'ombe, haingii mbuzi, hata mchungaji anayetafuta kivuli haingii. Nyasi zinaachwa zikue mpaka kiunoni na zikauke zikiwa zimesimama hivyo hivyo. Kiangazi kikikaza, nje kumebaki vumbi na mawe, ndipo ngitili inafunguliwa na ng'ombe wanakula. Ngitili ikiwa na afya, watoto wana maziwa mwezi wa tisa. Ngitili ikifa, ng'ombe wanaswagwa mbali kutafuta majani, wengine hawarudi, na waliobaki unawapeleka mnadani wamebaki pembe. Ya kwetu ni ya ukoo. Analisha humo mume wangu, analisha mdogo wake ambaye ndiye shemeji yangu, na majirani wa karibu. Mlinzi wake ni Mzee wangu, alikabidhiwa na baba yake.

Uzio wa ngitili hiyo ulikuwa minyaa, kama ngitili zote. Minyaa ni uzio mzuri ila una utomvu mbaya. Siku moja Mzee alikuwa anapunguza matawi, tone likamwingia jichoni. Alitembea na jicho kama nyanya iliyoiva, na mimi namwongoza chooni kama bwana harusi. Jicho lilipopona, lilikuja na mawazo. Alikaa kwenye kigoda chake anatazama maua yake pale mlangoni. Mbuzi akaja, akatafuna jani moja, akatema, akatikisa masikio, akaondoka. Ndama akaja akanusa, akapita. Mzee akaniita.

"Umeona?"

"Nimeona mbuzi."

"Hawali," akasema. "Ng'ombe hawali, mbuzi hawali. Utomvu hayana. Na yanafunga kama miiba."

Mvua za kwanza zilipodondoka akaanza kung'oa minyaa na kupanda maua kuzunguka ngitili yote. Akili ya mfugaji hiyo, mtu wa mjini asingeiwaza: uzio mzuri ni ule ambao ng'ombe hautamani. Shemeji yangu alimsifu mpaka mate yakamruka. "Kaka yangu huyu ana akili kuliko serikali!" Watu wa vijiji vya jirani walikuja kuomba matawi, naye akawapa. Bahati nzuri wengi walikuwa wavivu, yakawakaukia.

Miaka ile tulijisikia. Maharusi kutoka Shinyanga mjini walikuwa wanasimamisha magari barabarani, bibi harusi anashuka na gauni lake, anainuliwa pindo lisishike mavi ya ng'ombe, anapigwa picha mbele ya ngitili yetu. Mimi nikawa napita nyuma yao makusudi. Najua niko kwenye picha nyingi za watu nisiowajua, na ndoo kichwani.

Lakini kumbe kulikuwa na mwingine aliyeyapenda yale maua, tena kwa tumbo. Yanazaa matunda madogo meusi, yanang'aa kama shanga. Watoto waliyala yakiiva, ndimi zikawa zambarau. Ndege ndio walikula kama wamealikwa. Wanakula kwenye uzio, wanaruka, wanatua kwenye migunga katikati ya ngitili, wanafanya haja zao kama ndege wanavyofanya. Baada ya muda chini ya kila mgunga kukawa na maua ya Mzee. Kisha kati ya mgunga na mgunga.

"Mzee," nikamwambia, "maua yako yameingia ndani."

"Machache tu. Yanapendeza."

Mwaka uliofuata yalikuwa vichaka. Chini ya kichaka hakuoti hata unyasi mmoja, ni kiza na majani yaliyooza na nyoka aliyepumzika. Shemeji alichukua panga akayafyeka, akarudi anajipiga kifua. Yakachipua kila palipokatwa, tawi moja likazaa manne. Wakayachoma moto, majani yakaungua, mizizi ikacheka. Kila kiangazi tulifungua ngitili, ng'ombe wanaingia na njaa, wanatoka na njaa ile ile na masikio yamechanika. Kila mtu aliona uzio umeingia ndani kula malisho, lakini nani angemwambia mlinzi wa ngitili? Basi nilimwambia mimi, mara nyingi, wakati wa kula ili asiondoke. Akawa anaondoka na sahani.

Kiangazi kilichopita ndipo mambo yakafika shingoni. Nina ng'ombe wangu mwekundu mwenye mabaka meupe, ndiye anayenyonyesha wajukuu wote wanaoletwa hapa kulelewa. Ngitili ilipofunguliwa naye aliingia, hakukuta nyasi, akala maua ya Mzee. Siku chache mbele nikamkuta amejibana ukutani anakimbia jua, macho yanatoa machozi, puani pamechubuka. Na ngozi! Penye mabaka meupe ilivimba, ikapasuka, ikaanza kubanduka kama kiazi kilichochemshwa na maganda. Penye wekundu, salama kabisa. Ugonjwa unaochagua rangi, wewe uliuona wapi?

Hapo midomo ikafunguka. Mimi macho yangu ni mekundu, ni moshi wa kuni wa maisha yangu yote, na kwetu huku ng'ombe akiugua ugonjwa usio na jina, watu wanaanza kuyatazama macho ya bibi. Nilimsikia mama mmoja kisimani akinong'ona na mwenzake. Nikatua ndoo chini.

"Mama, ningekuwa na uchawi ningeanza na huo mdomo wako. Ng'ombe anayenipa maziwa ningemroga kwa faida ya nani?"

Wakacheka wote, yeye mwenyewe akacheka, tukachota maji. Lakini nilipofika nyumbani nilimtuma mtu akamwite bwana mifugo.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki, kijana mpole, akanipa shikamoo mbili, moja ya kufika na moja ya kumwona ng'ombe. Akamtazama mdomoni, akamtazama machoni, akauliza anakula wapi. Tukampeleka ngitilini. Akavunja kitawi kimoja cha uzio, akakinusa.

"Mzee, ni hii. Lantana. Mnyama akiila, ngozi nyeupe inaungua na jua. Mwekeni kivulini, mpeni majani mazuri na maji, asionje tena hii."

"Hiyo hailiwi," Mzee akasema. "Niliipanda kwa sababu hailiwi."

"Kweli haina ladha, Mzee. Ila njaa ingekukamata, hata wewe ungeila."

Ng'ombe wangu alilazwa jikoni kwangu, maana ndiko kulikokuwa na kivuli cha uhakika. Nilipika nimempa mgongo, naye akanipumulia shingoni kama mkwe anayengoja chakula. Nilimlisha majani ya viazi kwa mkono. Akapona. Mabaka yake meupe yakaota manyoya upya.

Lakini kupona kwake hakukumpoza shemeji. Akaita dagashida, yaani baraza letu la kimila, ambalo sheria za ngitili ndizo zake. Wanaume walikaa kwenye vigoda, sisi wanawake tukakaa pembeni tunachambua choroko, masikio yote huko. Shemeji akasimama.

"Kaka yangu namheshimu, ni baba yangu. Lakini ngitili aliyoachiwa na baba imekuwa bustani ya ndege. Mimi nasema hivi: haina faida tena. Tuigawane, kila mtu asafishe kipande chake, alime dengu."

Wengine wakaitikia. Mimi nikaacha choroko. Ngitili ikishagawanywa mashamba haifufuki, tumeziona nyingine. Na Mzee wangu, nilimwona, alikuwa anaitazama fimbo yake kama mtu anayesoma.

Baraza likabishana mpaka jua likahama. Mwisho likaamua mawili. La kwanza, mlinzi wa ngitili apigwe mchenya. Hiyo ndiyo faini yetu: mkosaji anatoa dume la ng'ombe, linachinjwa, wenye baraza wanakula. La pili, ngitili iwe safi kabla mvua hazijakolea watu wakaanza kupanda. Ikishindikana, igawanywe.

"Una neno?" wakamuuliza Mzee.

"Sina."

"Mimi ninalo!" nikasema kutoka kwenye choroko zangu.

"Shemeji," akasema shemeji, "hili ni baraza la wanaume."

"Na dume lenu litapikwa na nani? Baraza?"

Wakacheka, na mtu akishacheka umemshika. Nikasimama. "Mchenya tumekubali. Dume lipo, limenona. Ila halichinjwi leo mkala mkaenda kulala na mimaua iko pale pale. Litachinjwa siku ya kung'oa, litapikwa pale pale ngitilini, na mimi ndiye nitakayeshika upawa. Kila anayetaka nyama anakuja na mzizi aliouchimba. Asiye na mzizi hana mnofu."

Mzee mmoja, mkubwa kuliko wote, aliyekuwa amesinzia, akafumbua macho. "Hiyo ni sheria nzuri," akasema. "Ina nyama ndani." Ikapita.

Sasa mizizi ya yale maua si ya jembe. Inashuka chini inashikana na mawe, inataka sururu na mtu asiyeogopa shimo. Nikampigia simu mke mwenzangu. Yule mwenye kipara cha shule sasa ni mwanamke wa kusimama. Ana mgahawa wake wa turubai machimboni, upande wa Kharumwa, analisha wanaapolo, wale wachimbaji wadogo wanaoshuka ardhini kama panya na kutoka weupe kama andazi ambalo halijakaangwa. Wanaume wazima wanampanga foleni wakiwa wameshika sahani, na hakuna anayethubutu kumwambia neno la kipuuzi. Huyo ni mjukuu wangu. Kama hukujua, sasa umejua.

"Bibi," akasema, "huku mvua imewahi. Maduara wanayochimba yamejaa maji, watu wamekaa wanacheza karata na kumaliza wali wangu."

"Wana sururu?"

"Bibi, wale wanalala nazo."

"Basi waje nazo."

Akaja na wanne, wamebanana kwenye bajaji ya mizigo na masururu yao yamechomoza kama mikia. Alipomwona babu yake akapiga kigelegele. "Mume wangu! Nimesikia umekamatwa na mchenya, nimekuja kukukomboa!"

Mzee akawatazama wale wanaume wanne, mmoja mmoja. "Na hawa wote ni wako?"

"Hawa ni watumishi wako, mume wangu."

"Shikamoo Babu, shikamoo Bibi," wakasema kwa pamoja, kama shule.

"Marahaba. Mmekuja kula au kuchimba?"

"Tumekuja kuchimba ili tule, Bibi."

Asubuhi yake dume likachinjwa, sufuria zikapanda mafigani pembeni ya ngitili, na kijiji kikatoka. Wale wanaapolo walivua mashati, wakapiga sururu ya kwanza, wakasimama, wakatazamana. Mkubwa wao akakuna kichwa. "Bibi, mwamba naujua. Mwamba ukiupiga unapasuka. Huu mti una roho ngumu." Lakini walishuka nao. Walichimba pembeni ya shina, wakazunguka, wakafuata mzizi mpaka unapoishia, wakauinua mzima, na kila ukitoka watu wanashangilia kama goli.

Makelele yale ndiyo yaliyotuletea wageni. Kuna mtu aliwaona wanaapolo na masururu ndani ya ngitili, akaunganisha mambo kichwani mwake, na kufika saa sita habari imeshatua Tinde kwamba Samuye kuna rashi, yaani dhahabu imetoka na watu wanaikimbilia. Zikaja pikipiki, vijana na makoleo na mabeseni, macho yametoka. Hapo nikauacha upawa. Maua tungeyaweza, lakini watu wakiamini kuna dhahabu, ngitili ingekuwa mashimo matupu kabla ya Jumapili, na baraza lisingekuwa na cha kugawanya.

Mke mwenzangu akawatokea njiani na mwiko mkononi.

"Kaka zangu karibuni sana. Dhahabu ipo."

"Iko wapi?"

"Ile pale. Ina majani, ina maua ya rangi tatu, kila mmoja anachimba yake. Ukiitoa na mzizi wake, Bibi pale anakubadilishia kwa nyama."

Mmoja akaokota donge la udongo, akalilowesha kwa mate, akalisugua kiganjani, akalitazama juani kwa muda mrefu. Mkubwa wa wanaapolo akamwambia kutoka shimoni, "Mwanangu, hapa hakuna kitu. Ningekuwa nimeona kitu, ungenikuta nacheka hivi?" Wakaangua kicheko. Wengine waligeuza pikipiki. Wengine harufu ya supu iliwashika miguu, wakabaki, wakachimba.

Mimi kwenye sufuria sikuwa na undugu na mtu. Mzizi mkononi, nauangalia, naunusa, natupa kwenye rundo la kuchomwa, nakupa mnofu. Maana ule mmea unanuka mpaka chini, huwezi kunidanganya. Akaja shemeji yangu, msemaji wa baraza, shati kavu, ameshika mzizi mrefu, msafi, hata udongo hauna.

Nikaunusa. "Shemeji, huu ni mzizi wa mgunga."

"Mzizi ni mzizi, shemeji."

"Na nyama ni nyama. Subiri hapo nikutafutie kwato."

Watu walianguka chini kwa kucheka. Shemeji naye, namsifu, alicheka mpaka akaegemea mti, kisha akavua shati, akaenda kuomba sururu. Alirudi jioni anachechemea, na mzizi unaofanana na mguu wa mtu. Nilimpa kipande cha nundu.

Na Mzee? Mzee alichimba tangu asubuhi bila kuja kuchukua nyama. Anang'oa, anaweka kwenye rundo, anahamia mwingine. Wanaapolo walimpokonya sururu apumzike, akaenda kuchukua nyingine. Nilimpelekea supu mwenyewe; akainywa amesimama, anatazama ngitili inavyofunguka, mpaka ukaonekana ule mteremko ambao tulikuwa tumesahau kwamba upo.

Jua lilipokuwa linalegea ikabaki lantana moja tu. Ile ya kwanza kabisa, ya pale mlangoni kwetu, iliyokuja kwenye gunia la maji. Kundi lote likaja nyumbani na masururu, linaimba. Mzee akawatangulia, akasimama mbele yake.

"Hii iacheni."

Wimbo ukakatika. Shemeji akamsogelea kwa upole. "Kaka, baraza limesema yote. Ndege hajui hii ni ya mlangoni na ile ni ya ngitili. Ukiacha hii, mwakani tumerudi pale pale, na wale wanaotaka mashamba watasema nini?"

"Hii si yangu."

"Ya nani sasa?"

Mzee akanionyesha kwa kidevu. "Ya huyu."

Nikaangalia nyuma kama kuna mtu mwingine. Hakuna.

Ndipo akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kusema siku moja mbele za watu. "Mjukuu alilazwa Kahama, homa. Tukatoka hospitali asubuhi, huyu hajalala. Tukapita kwenye ile nyumba ya wageni yenye maua getini. Akasimama. Akasema, watu wa humu ndani lazima wanaamka wanacheka. Safari iliyofuata nikaenda pale, nikaomba miche."

Mke mwenzangu akaweka mkono mdomoni. Huyo mgonjwa alikuwa yeye.

Lile neno nilikuwa nimelisahau kabisa. Nililisema kwa usingizi na kwa furaha kwamba mtoto kafumbua macho, nikaliacha pale barabarani Kahama, kumbe yeye aliliokota akalibeba mpaka Samuye. Na miaka yote namsimanga na maua yake wakati wa kula.

Nikayatazama yale maua. Njano, chungwa, waridi. Nikamtazama ng'ombe wangu kwenye kivuli, mabaka yake yameota manyoya. Nikatazama ng'ambo, ule mteremko.

"Kama ni yangu," nikasema, "basi nayatoa mimi. Nipeni sururu."

"Bibi anashuka duara!" wakapiga kelele wanaapolo.

Nilipiga pembeni ya shina. Mikono yangu imezoea jembe, sururu ikanivuta huku na huku, lakini sikumpa mtu. Nilipiga mpaka mzizi ukaonekana, mnene, wa rangi ya ugoro. Nikaushika nikavuta. Wapi! Mzee akaja kimya kimya, akashika nyuma yangu. Tukavuta wote wawili, ukaachia ghafla, tukaanguka chali, mimi juu yake, mbele ya kijiji kizima. Mjukuu wetu akapiga kigelegele cha harusi.

"Nyama," Mzee akasema pale chini. "Nina mzizi."

Nikampa paja.

Nisiseme yaliisha. Mvua zilipokolea, mbegu walizoangusha ndege zikachipua kila mahali, mpaka leo zinachipua. Lakini kachipukizi kanang'oka kwa vidole viwili, na kila ninayemkuta anazurura karibu na ngitili, awe mtoto, mkwe au mgeni, namwinamisha ang'oe. Minyaa imerudishwa. Mzee anaikata amevaa miwani ya jua ya mjukuu wake, ya kike, yenye vito pembeni, na hakuna anayethubutu kumcheka isipokuwa mimi.

Mwaka huu, siku chache kabla ngitili haijafunguliwa, Mzee akaenda Kahama. Akarudi na kitu kwenye mfuko wa rambo, kimechomoza. Akapita bila kunisalimia, akachukua kopo la rangi lililokwisha, akalijaza mchanga, akakichomeka humo kile kitu, akaliweka pale pale mlangoni. Maua ya plastiki. Mekundu kupindukia, majani yake yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya kula.

Sikuuliza ya kazi gani.

Asubuhi ya kufungua, watu wote wa ngitili walikuja, na shemeji mbele akiwa na fimbo mpya. Nyasi hazikuwa kama za enzi ya baba mkwe wangu, ila zilifika magotini, zimekauka rangi ya simba, na upepo ukipita zinalala na kuinuka. Ng'ombe wangu mwekundu alipotoka zizini alipita mlangoni, akasimama kwenye lile kopo. Akanusa ua moja. Akapiga chafya, akanirushia kamasi mguuni, akaondoka mbio kuwafuata wenzake kwenye lango la ngitili.

"Umeona?" nikamwambia Mzee. "Hata haya hawali."

"Na ndege pia," akasema, akaenda kuwafungulia.